Kaburi la Vimulimuli na Uwanja wa Wagalla: Filamu na Kumbukumbu ya Vita

Kumbukumbu ya jamii haizaliwi na tukio peke yake. Hutungwa na wasimulizi, na kila msimulizi ana uteuzi wake. Filamu za katuni za Kijapani ni mfano bora. Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli (1988), ya Isao Takahata, inawafuata watoto wawili wanaokufa kwa njaa baada ya mji wa Kobe kuteketezwa kwa mabomu mwaka 1945. Hadithi hiyo ilitungwa na Akiyuki Nosaka, ambaye mwenyewe alimpoteza dadake mdogo kwa utapiamlo. Mchoro humrejeshea marehemu utoto wake, jambo ambalo kamera hailiwezi. Hata hivyo, watoto hao wanapogeuka kuwa sura ya vita vyote, Wachina na Wakorea walioteswa na jeshi la Japani hubaki nje ya picha.

Kaskazini Mashariki ya Kenya hali ni tofauti. Mtoto wa Kutulo, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, hana katuni inayomwonyesha babu yake akiwa kijana. Anayo masimulizi ya wazee na ushairi simulizi wa Kisomali. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walianza kukusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, wengi waliuawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu elfu moja. Mwaka 2015 Judy Kibinge alitoa filamu ya hali halisi, Scarred, ambamo manusura wanasimulia kwa vinywa vyao. Hapa aliyekuwa kijana anaonekana akiwa mzee, na umri huo wenyewe ni sehemu ya ushahidi.

Linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili ni lugha. Katika eneo hili Kiswahili kilisikika sana kama lugha ya askari na ya amri. Vita vya 1963 hadi 1967 huitwa Vita vya Shifta, na neno hilo, lenye asili ya Kiamhari, humaanisha jambazi au mwasi. Waliopigana walidai kuungana na Somalia. Basi mtafsiri atakayetia maandishi ya Kiswahili chini ya filamu kama hizi atamwita mpiganaji huyo nani, huku mjukuu wake akisoma?