Upasuaji wa moyo: Kwa nini mshipa wa mguu, kifua au mkono?

Mgonjwa wa Temeke au Kinondoni anayeandaliwa kwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Upanga, hutakiwa kutia saini fomu ya ridhaa. Katika maelezo ya daktari kuna jambo linaloweza kuwashtua ndugu: moyo ndio unaougua, lakini huenda mguu nao ukapasuliwa.

Upasuaji huu hauzibui mshipa ulioziba. Daktari hutengeneza njia ya mchepuko, kama ile ya kukwepa foleni, ili damu ifike kwenye msuli wa moyo. Njia hiyo ni mshipa wa mgonjwa mwenyewe, na aina ya mshipa huchangia sana kuamua itadumu miaka mingapi.

Kwa mshipa mkuu wa mbele ya moyo, chaguo la kwanza ni ateri ya ndani ya kifua, upande wa kushoto. Baada ya miaka 10, takriban asilimia 90 ya ateri hizo huwa bado zinapitisha damu. Vena ya mguuni, iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Dkt. René Favaloro huko Cleveland, Marekani, kuanzia mwaka 1967, ni ndefu na hutosha kwa michepuko kadhaa. Hata hivyo, haikuumbwa kuhimili msukumo wa damu ya ateri, hivyo katika kipindi hicho sehemu kubwa ya vena hizo, pengine hata nusu, huziba.

Ipo pia ateri ya mkono. Kabla ya kuivuna, daktari huibana na kuangalia iwapo kiganja kinaendelea kupata damu kupitia ateri ya pili. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, au anayetarajiwa kuanza, kwa kawaida haivunwi, kwani mkono huo utahitajika kwa huduma hiyo. Aidha, hufaa zaidi pale mshipa wa moyo ulipoziba kwa kiwango kikubwa. Ukiwa umeziba kidogo, damu hupita njia yake ya zamani na ateri mpya husinyaa.

Kutumia ateri zote mbili za kifua kuna faida, lakini kwa mwenye kisukari au unene uliokithiri huongeza hatari ya kidonda cha kifua kupata maambukizi.

Wananchi wanashauriwa kumweleza daktari mapema kuhusu kisukari, figo, uvutaji wa sigara na vena za miguu zilizovimba au kuwahi kufanyiwa upasuaji. Mguu uliotolewa vena huendelea kurudisha damu kupitia vena nyingine, ingawa unaweza kuvimba kwa wiki kadhaa.