Sayansi, Mashetani na Gesi ya Msimbati: Mpaka wa Bunilizi

Wahakiki wa fasihi hutenga bunilizi za kisayansi, yaani hadithi ambazo ajabu lake kuu hutokana na ujuzi au mtambo unaoelezeka kwa kanuni za maumbile, na bunilizi dhahania, jina pana linalokusanya kila hadithi inayouliza dunia ingekuwaje lau jambo moja la msingi lingebadilika. Jina hili la pili alilitumia Mmarekani Robert Heinlein katika makala yake ya mwaka 1947, kwa maana iliyokaribiana mno na lile la kwanza, na tangu hapo mpaka wa mawili hayo haujatulia. Margaret Atwood wa Kanada alishikilia kwamba riwaya zake ni dhahania kwa kuwa husimulia mambo yanayoweza kutokea kweli, naye Ursula K. Le Guin, akihakiki kazi yake mwaka 2009, akamjibu kwamba ufafanuzi huo ni finyu na unaelekea kuzikinga riwaya hizo zisihesabiwe katika utanzu unaodharauliwa.

Kasoro ya kigezo cha Atwood ni kwamba hakisemi nani apime uwezekano, na pwani ya Mtwara yatosha kukitia mashakani. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, penye kijiji cha Msimbati, mwaka 1982. Hadithi ambayo ingeandikwa wakati ule kuhusu bomba la zaidi ya kilomita 500 lipelekalo gesi hiyo Dar es Salaam ingesomwa kama ndoto ya kisayansi, ilhali bomba lenyewe lilizinduliwa mwaka 2015 na leo halimshangazi mtu. Upande wa pili kuna vinyago vya mtindo wa shetani, ambao mwanzilishi wake hutajwa mara nyingi kuwa Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde wa miaka ya 1950: mgeni anayevinunua huona fantasia tupu katika miili ile iliyopindana, lakini wapo Wamakonde ambao kwao mashetani ni viumbe vilivyopo, na hadithi inayowahusu haiwezi kuitwa ya yasiyowezekana bila kwanza kuamua imani ya nani ndiyo kipimo.

Kigezo kinachofaa zaidi ni kuangalia hadithi inawajibika kwa nini. Tuseme bahari inakupwa Msimbati na kukaa siku saba bila kujaa: mwandishi akilifungamanisha tukio hilo na kutitia kwa sakafu ya bahari, na kila kinachofuata kikategemea maelezo hayo, ameandika bunilizi ya kisayansi hata kama sayansi yake ina makosa; lakini akiliacha bila sababu, au akalitwika mzimu, kisha akashughulika na jinsi wavuvi na viongozi wao wanavyogombea ardhi iliyofunuliwa, kazi yake ni dhahania.

Katika Kiswahili mtihani huu unaanzia Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ambamo nchi nzima imo angani na mwandishi hajisumbui kueleza imeshikiliwa na nini, kwa sababu hoja yake ni haki na sheria. Kazi hiyo haina utata. Utata umo katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, hufika kwa chombo cha angani katika nchi inayotawaliwa kwa usawa. Msomaji anayehesabu vifaa ataiita ya kisayansi mara moja, lakini chombo hicho ni mlango tu: kikiondolewa na mahali pake likawekwa jini, hoja ya riwaya haipungui hata kidogo, wakati Jules Verne, aliyechapisha mwaka 1865 riwaya ya safari ya mwezini, alipiga hesabu za mzinga wake kwa kuwa bila hesabu hizo kisa chote kingeporomoka. Kwa hiyo Walenisi yastahili kukaa rafu moja na Kusadikika, si na Verne, ijapokuwa Atwood mwenyewe humhesabu Verne miongoni mwa wahenga wa bunilizi dhahania.