Meza moja, nchi milioni

Mwaka 1812 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, aliletewa zawadi ya aina yake: meza kubwa kama kabati, pamoja na vigae vya plasta vilivyochorwa mito, barabara na vijiji. Mtengenezaji wake, Georg Leopold von Reisswitz, awali alichezesha mchezo wake wa vita juu ya mchanga, kisha akaona mchanga haumfai mfalme. Vigae hivyo vilipangwa na kupanguliwa, na kila mpango ukatoa nchi nyingine ya kupigania.

Wachezaji wa leo wa vita vya mezani, Uingereza hasa, bado wako humohumo. Kampuni kama Games Workshop ya Nottingham huwauzia magofu na ngome za plastiki, lakini bei inauma, na meza ya kununua hufanana na ya jirani. Wengi hujenga wenyewe.

Malighafi yao ni povu gumu, lile linalopachikwa kwenye kuta za nyumba za Ulaya kuzuia baridi. Hukatwa vigae vya sentimita 60 kwa 60. Sita vinatosha meza ya sentimita 120 kwa 180. Donge la karatasi ya foili likikandamizwa juu ya povu, huacha vishimo kama vya jiwe lililoliwa na mvua. Kisha rangi nyeusi hupakwa kwa brashi. Ikikauka, brashi iliyofutwa mpaka ikabaki na kijivu kidogo hupitishwa juujuu: rangi hushika kwenye miinuko tu, nyufa zikabaki na giza lake. Rangi ya kopo la kupuliza ni adui. Kiyeyushi chake hula povu tupu, na kilima hunywea mbele ya macho yako.

Lakini kazi yenyewe iko ukingoni. Barabara ya upana wa sentimita 10 sharti itokee katikati kabisa ya ukingo, kati ya sentimita ya 25 na ya 35, upande wowote inakotokea. Kigae kizuri kisichopatana na wenzake ni pambo la ukutani. Vikipatana pande zote nne, vigae sita tofauti hupangika kwa namna zaidi ya milioni 1.

Kuna gharama yake. Viungo huonekana, na vilima hulazimika kukaa mbali na kingo. Hata miteremko hukatwa kwa ngazi, kwa kuwa vijisanamu vya askari vya milimita 28 huteleza. Wapenda picha hulalamika. Mimi niko upande wa ngazi, maana meza ni ya kuchezea.

Ukitaka kuanza, iache ngome kwanza. Kata vigae viwili, vigeuze pande zote, na barabara zisipokutana rekebisha kabla hujafungua kopo la rangi.