Maegesho ya walemavu: Kwa nini ‘dakika mbili’ zina faini

KUEGESHA chombo cha moto katika nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu huonekana na wengi kuwa kosa dogo, hasa nafasi hiyo inapokutwa tupu. Hata hivyo, nchi kadhaa zimeliwekea kosa hilo adhabu nzito.

Sababu inaanzia kwenye vipimo. Kwa viwango vya Marekani, nafasi hiyo huwa na upana wa takriban mita 2.4, na pembeni yake huachwa njia ya mita 1.5 yenye mistari. Njia hiyo ndiyo inayouwezesha mlango kufunguka wote na kiti cha magurudumu kuteremshwa. Anayeegesha juu ya mistari hiyo, hata kama hakuingia ndani ya nafasi yenyewe, amemfungia mwenzake mlango.

Aidha, hasara haigawanyiki sawasawa. Dereva mzima akikosa nafasi husogea mbele na kurudi kwa miguu. Asiyeweza kutembea hulazimika kusubiri au kurejea nyumbani bila huduma aliyoifuata. Ndiyo maana utetezi wa “nilisimama dakika mbili tu” hauna uzito: hakuna ajuaye mwenye haki atafika dakika ipi.

Katika jimbo la California, Marekani, faini ya kosa la kwanza ni kati ya dola 250 na 500. Umoja wa Falme za Kiarabu hutoza dirhamu 1,000 na kumwekea dereva pointi sita za makosa katika leseni yake.

Nchini Uingereza, matumizi mabaya ya kadi ya buluu inayoruhusu maegesho hayo yanaweza kumfikisha mtu mahakamani na kutozwa hadi pauni 1,000. Kadi hiyo ni ya mtu, si ya gari. Ndugu anayeitumia kwa shughuli zake, wakati mwenye kadi amebaki nyumbani, anatenda kosa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuondoa vikwazo katika majengo, barabara na usafiri. Mwaka uliofuata, Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010.

Haki iliyoandikwa, hata hivyo, huhitaji kusimamiwa mtaani, na hapo ndipo halmashauri zinapohusika, kwani zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo katika maeneo yao.

Kwa mji kama Tabora, uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, suala hili lina sura yake. Suala la ulemavu si geni mjini humo. Shule ya viziwi ilianzishwa mwaka 1963. Lakini mkazi wa Cheyo asiyeweza kutembea huenda hana gari. Chombo chake kinaweza kuwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, nacho pia kinahitaji mahali pa kusimama karibu na mlango wa hospitali, benki au soko. Pikipiki za bodaboda zikipanga mstari mbele ya njia ya mteremko, zinamzuia sawa na gari.

Ili adhabu ifanye kazi, mambo manne huhitajika: alama inayoonekana, kitambulisho cha mwenye haki, msimamizi anayejulikana na kiwango cha faini kilichotangazwa. Likikosekana moja, dereva hupata kisingizio, na mwenye ulemavu hubaki akibishana barabarani juu ya haki ambayo tayari ni yake.