Rangi Haikumwagwa Ovyo

Anayetazama mchoro wa Jackson Pollock kwa mara ya kwanza huona vurugu tupu: mistari na madoa ya rangi yaliyopishana, bila uso wa mtu, mti wala nyumba. Haichukui muda kabla hajasema kwamba hata mtoto mdogo angeweza kuchora hivyo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, ila ipimwe kwa kuangalia jinsi Mmarekani huyo alivyofanya kazi kati ya 1947 na 1950, katika banda lililokuwa karibu na nyumba aliyoishi na mkewe, mchoraji Lee Krasner, huko Springs, Long Island.

Pollock alitandaza turubai sakafuni na kulizunguka pande zote. Alichovya kijiti au brashi iliyokauka ndani ya kopo, kisha akaiacha rangi itiririke kutoka hewani bila kuligusa turubai. Mara nyingi alitumia rangi za kupaka nyumba, kwa sababu rangi ya mafuta inayokamuliwa kwenye tyubu ni nzito mno kutiririka. Umbo la mstari liliamuliwa na uzito wa rangi, kimo cha mkono na kasi yake. Rangi ikidondoshwa polepole kutoka juu hujikunja kama asali inavyojikunja juu ya mkate. Mkono ukienda kasi, mstari hunyooka. Hans Namuth alimpiga picha na filamu akiwa kazini mwaka 1950, na watafiti wa mwendo wa vimiminika waliochunguza filamu hiyo walieleza mwaka 2019 kwamba kimo na kasi ya mkono wake viliizuia rangi isijikunje. Mikono inayorusha rangi kiholela haina utaratibu wa namna hiyo.

Wapo watakaojibu kwamba matone mengine yaliangukia pasipokusudiwa. Ni kweli, lakini mchoraji ndiye aliyeamua tone lipi libaki na lipi lifunikwe kwa rangi nyingine. Wala mtindo huu haukumjia kwa bahati: mwaka 1936, jijini New York, alishiriki katika karakana ya Mmeksiko David Alfaro Siqueiros, ambako wasanii walijaribu kumwaga na kurusha rangi. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hajaufanya mtindo wake mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ustadi peke yake hauleti uzuri. Hilo nakubali, na hakuna anayelazimika kuipenda michoro hii. Lakini kutoipenda ni suala moja, na kudai kwamba haina mpango ni suala jingine, ambalo ushahidi unalikataa. Ukikutana na mchoro wa aina hii, fuata mstari mmoja tangu unapoanza hadi unapoishia, utazame unaponenepa na unapokonda, kisha ndipo utoe hukumu yako.