Dawati lipo, jalada liko wapi?

Mwaka 2019 habari za "teleza" zilitoka Kigoma-Ujiji zikaenea Tanzania nzima. Wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasishikike waliingia usiku katika nyumba za wanawake, hasa wanaoishi bila mume, wakawabaka na kuwajeruhi. Wanawake walisema mambo hayo yamedumu kwa miaka. Waliyasema hadharani, katika mji ambao jirani anajua hadi jina la bibi yako.

Kinachoniuma ni kwamba mipango ilikuwapo. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulizinduliwa Desemba 2016 ukiwa na kamati kuanzia taifa hadi mtaa. Programu ya Pamoja ya Umoja wa Mataifa mkoani Kigoma, iliyoanza 2017, nayo ilikuwa na eneo zima la kukomesha ukatili huo. Madawati ya Jinsia na Watoto yalishafunguliwa polisi.

Sasa mfuate mwanamke mmoja wa hapa mjini. Anakwenda kituoni, anapewa RB, namba ya taarifa yake, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, anawahi hospitali kabla saa 72 hazijapita ili apate dawa za kumkinga na VVU, anarudi kuandika maelezo. Mpaka hapo, mipango hiyo imeshamhesabu kuwa amehudumiwa. Kwake yeye ndiyo kwanza shauri linaanza: mtuhumiwa anapata dhamana na kurudi mtaani, wazee wanaomba yaishe kifamilia, shahidi anaogopa, na kila akiulizia jalada anaambiwa upelelezi unaendelea. Kilio cha wanawake wa Kigoma kilikuwa hicho hasa: tumeripoti, na wabakaji bado tunapishana nao njiani.

Kampeni ya kupinga teleza mwaka 2019 ilifanya kazi isiyofanywa na ripoti za robo mwaka. Iliwahoji polisi mbele ya watu.

Agosti 2024 video ya binti aliyebakwa na kundi la vijana ilisambaa. Kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma aliondolewa baada ya kauli yake kuhusu binti huyo kulaaniwa, na Septemba 30 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Miezi miwili haikutimia. Kumbe inawezekana! Lakini wanawake wa Kigoma hawakuwa na video, na haki isiyokuja mpaka taifa zima lione picha za mateso yako ni ukatili mwingine.

Bila video, nani atawahoji polisi? Kenya ina IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, tangu 2011. Kwetu mwenye malalamiko dhidi ya polisi huyapeleka kwa polisi wenyewe, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huchunguza na kupendekeza.

MTAKUWWA wa pili umeanza. Chini yake, kila ofisi ya kata ya Kigoma-Ujiji ibandike ukutani, kila mwezi, idadi ya majalada ya ubakaji yaliyofunguliwa, yaliyofika kwa mwendesha mashtaka na yaliyofungwa, pamoja na cheo cha aliyeamua kuyafunga.