Kinga ya VVU Inahitaji Watafiti wa Kutoka Nyumbani

Nchini Marekani, watu weusi hawafiki asilimia 15 ya wananchi wote, lakini katika kila watu 10 wanaogundulika kuwa na VVU, takribani 4 ni weusi. Wanasayansi weusi wanaotafiti kinga wamekuwa wachache, na fedha ni sehemu ya sababu. Uchambuzi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa uwezekano wao wa kupata ruzuku ya serikali ya utafiti wa afya ulikuwa chini ya ule wa wenzao weupe kwa takribani pointi 10 za asilimia, hata elimu na machapisho yakilingana.

Hata kabla ya uchambuzi huo, HPTN, mtandao wa kimataifa wa majaribio ya kinga ya VVU, ulianzisha mwaka 2010 mpango wa kuwanoa watafiti chipukizi kutoka jamii za wachache. Chipukizi hukabidhiwa data za tafiti halisi na mlezi mzoefu, akajifunza kuunda swali, kuchambua takwimu na kuchapisha matokeo.

Mtafiti kutoka ndani ya jamii ana faida gani kwa sayansi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mfano, mwaka 2010, jaribio la iPrEx lilithibitisha kwamba kumeza kila siku PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU, hupunguza maambukizi. Vidonge vikapatikana, lakini wanaume weusi wengi waliovihitaji hawakuvitumia. Wanasayansi weusi walioongoza utafiti wa HPTN 073 wakauliza: ni nini kinachowazuia? Hakuna mshiriki aliyelazimishwa kumeza dawa. Kila mmoja aliketi na mhudumu, akaeleza yanayomkwaza, yawe ya bima, makazi au ajira, kisha wakapanga pamoja namna ya kuyatatua. Kati ya wanaume 226, asilimia 79 walikubali kuanza PrEP.

Walijua pia mzigo wa historia. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi na kaswende bila tiba, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Imani iliyovunjwa hivyo hairudishwi kwa vipeperushi.

Mtafiti hapatikani kwa semina ya wiki moja. Huchukua miaka, posho na ulezi. Bajeti ya jaribio hutenga fedha za maabara na wauguzi bila ubishi. Mafunzo ya vijana hawa yatengewe zake vivyo hivyo, kwa kuwa dawa isiyomezwa haimkingi mtu.